Nyumba Iliyopewa Namba

Dar es Salaam
8 Agosti 1999

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na kuku wanataga. Mimi sijambo. Kile kikohozi kilichokutia wasiwasi kimeondoka chenyewe, dawa sikumaliza, usinigombeze.

Mama, Mjomba Mshamu alipita hapa ofisini wiki iliyopita. Alikuja mjini kutafuta mkanda wa mashine yake ya kukoboa, akakaa, akanywa soda, akanieleza habari ambayo wewe umenificha. Ati kutoka ngazi ya nyumba yetu mpaka ukingo wa mto sasa ni hatua kumi na mbili. Nilipokuwa darasa la saba nilizihesabu, zilikuwa hamsini. Mjomba anasema amekubembeleza uhamie kwake Kibiti, nawe ukamjibu kwamba nyumba aliyoijenga mumeo Abdalah kwa mikono yake huiachi.

Basi tusiiache. Tuihamishe.

Sikiliza kabla hujacheka. Hapa Kariakoo kazi yetu ni kuwapigia watu chapa na kutoa nakala. Mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akija kuchapisha mitihani aliniachia disketi. Ulaya watoto wana matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, kila tofali lina vinundu juu na matundu chini, ukilibandika juu ya mwenzake linashika. Disketi hii ina matofali hayo yote, ila hayagusiki, yamo ndani ya kioo cha kompyuta. Unachagua kipande, unakiweka unapotaka, unakizungusha, unakitazama kwa mbele, kwa nyuma, hata kwa chini. Ukimaliza jengo lako, programu inakupa karatasi kwa mpangilio: kwanza weka hiki, kisha hiki, kisha hivi viwili.

Nimejenga gari, nimejenga banda la kuku, nimejenga msikiti wenye minara miwili. Ndipo nikawaza jambo moja. Karatasi zile ukizisoma kuanzia ya mwisho, zinakufundisha kubomoa bila kuvunja. Nyumba yetu ni ya mbao na boriti, haina udongo hata chembe. Nikiijenga humu kipande kwa kipande na kila kipande nikakipa namba, fundi anaweza kuifungua yote na kuisimamisha pengine ilivyokuwa.

Nipimie, Mama. Nguzo ngapi, urefu wake, mbao za sakafu ngapi. Mengine nayakumbuka.

Mwanao akupendaye,
Muzdalifa


Mbuchi
29 Agosti 1999

Kwako binti yangu, fundi wa nyumba za kioo,

Waalaykum salaam. Mimi ni mzima, mgongo ni wangu na nimeuzoea. Hapa kwetu hakuna baya, isipokuwa nguruwe wamemaliza mihogo ya jirani yangu Mwanaamina, naye amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma. Na dawa utaimaliza. Chupa ya dawa si pambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikidhani nimekosea kusoma. Nimekupeleka shule mpaka kidato cha nne, watu wakaniambia huyu binti ataolewa lini, nikawaambia muacheni asome. Kumbe nilikuwa nasomesha mtoto aende mjini akachezee matofali ya watoto. Haya.

Vipimo nakupa kwa kuwa umeomba kwa adabu. Nguzo za chini ni kumi na mbili, boriti za mkoko, na kutoka ardhini mpaka sakafu ni mikono minne. Urefu wa nyumba mikono kumi na sita, upana kumi na mmoja. Mbao za sakafu arobaini na sita, nimezihesabu nikiwa nimepiga magoti, ukitaka kujua mgongo unaendeleaje. Kuta utahesabu mwenyewe: nimekuandikia nyuma ya karatasi kila upande na mbao zake. Na mkono niliopimia ni wangu. Wako ni mfupi, umechukua kwa baba yako.

Vipimo nimekupa, kuhama sijakupa. Huko Kibiti kwa mjomba wako pana barabara na vumbi, mpunga nitaulima juu ya barabara? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao wangu ni huu, umechakaa, lakini ndio ninaoukalia.

Kula vizuri.

Mama yako,
Semeni


Dar es Salaam
26 Septemba 1999

Mama,

Salaam nyingi, na dawa nimemaliza, chupa nimeitupa. Nafurahi kusikia u mzima. Mpe pole Mwanaamina ya mihogo yake, mwambie mimi simo.

Ndani ya bahasha hii, ambayo Mjomba atakuletea mwenyewe, mna karatasi thelathini na nne. Usizichanganye. Nyumba yetu ina vipande mia mbili na kumi na tatu bila kuhesabu makuti, na kila kimoja kina namba yake. Karatasi ya kwanza ni nguzo kumi na mbili peke yake. Ya thelathini na nne ni nyumba nzima na ngazi yake. Fundi Bwanaheri akianza na ile ya mwisho akarudi nyuma, akaandika kila namba juu ya mbao kabla ya kuing'oa, hawezi kupotea.

Kinundu kimoja nimekifanya nusu ya mkono. Mkono wako, usijali, nimekumbuka ulivyo mrefu. Programu haina rangi ya mbao iliyopigwa jua miaka ishirini, kwa hiyo nyumba imekuwa ya kahawia na makuti ni ya manjano kama embe. Hilo vumilia.

Kibiti nimekuachia. Nimefikiria ule mwinuko wenye mikorosho nyuma ya shule. Mafuriko ya elnino hayakufika pale, na shamba lako la mpunga utaliendea kwa miguu kama sasa. Mjomba ameshazungumza na serikali ya kijiji, wanasema kiwanja kipo.

Nilipomaliza nyumba nikaona uwanja umekaa mtupu, nikaujaza kwa kukumbuka. Jiko lako. Banda la kuku. Minazi miwili. Na mbele, upande wa mto, chini ya mndimu, nimeweka kaburi la Baba kwa vigae vyeupe saba. Nilikaa nikalitazama muda mrefu, nikazungusha picha mpaka nikaliona kama ninavyoliona nikiwa nimekaa juu ya ngazi. Nimesoma fatiha hapo hapo mbele ya kompyuta, mteja akadhani nazungumza naye.

Nijibu upesi. Vuli inakuja.

Mwanao,
Muzdalifa


Mbuchi
10 Oktoba 1999

Binti yangu,

Alhamdulillahi sisi ni wazima.

Karatasi zako zimefika. Nilizitandaza sakafuni tukaziangalia mimi na Bwanaheri. Bwanaheri alizipitia moja moja mpaka ya thelathini na nne. Mwisho akaniuliza nyumba hii kaichora nani. Nikamwambia. Akasema huyu mtoto alipotea njia, angekuwa fundi.

Lakini, mwanangu, nguzo ya kati iko wapi? Nguzo ndefu inayotoka ardhini, inapita sakafu, inakwenda kushika boriti ya juu inayobeba paa. Karatasi zako zote haimo hata katika moja. Paa lako limekaa hewani, halijashikwa na kitu. Angefuata mchoro wako, Bwanaheri angeng'oa nguzo ile mapema kama kitu cha ziada, na paa lingemlalia yeye na mimi na karatasi zetu.

Nikafikiri wewe umelala ndani ya nyumba ile miaka kumi na saba, nguzo hukuiona vipi? Ndipo nikakumbuka kwamba mimi huitundikia kanga zangu zote. Wewe uliona kanga. Tumecheka mpaka Mwanaamina akaja kuuliza kuna nini.

Hata hivyo nimekwisha amua. Sihami. Usinitumie karatasi nyingine, na mjomba wako mwambie asinitafutie viwanja. Kazi yako ni nzuri na nimeiona. Tuzungumze mengine.

Mama yako,
Semeni


Dar es Salaam
24 Oktoba 1999

Mama,

Shikamoo, na samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa na hasira.

Nguzo ya kati ni kosa langu, nimelipokea. Kompyuta haijui uzito. Humu ndani kipande ukikiacha hewani kinakaa hewani, hakuna kinachoanguka, na mimi nikasahau kwamba ninamjengea mtu wa kweli. Nimeiweka sasa, ni kipande cha mia mbili na kumi na nne, na nimepanga upya karatasi zote ili iwe ya mwisho kutoka. Hilo limekwisha.

Lakini hilo lingine sikulielewa. Ulitaka nyumba, nimekupa nyumba. Ulikataa Kibiti, nimekuachia Kibiti. Umecheka na Bwanaheri, umeona inawezekana, kisha unaniambia tuzungumze mengine. Mengine yapi, Mama? Mto uko hatua kumi na mbili. Masika haitakuuliza kama umeamua. Nisamehe, lakini huu si upendo wa nyumba ya Baba. Huu ni ukaidi, nao utakupeleka na maji, na mimi nitabaki hapa na karatasi thelathini na nne.

Ningekuja mwenyewe. Tajiri wetu amekataa likizo zote mpaka Januari. Wateja wamesikia kwamba ukiingia mwaka elfu mbili kompyuta zote zitazima, kila ofisi inataka nakala ya kila kitu kwenye karatasi. Tunachapa mpaka vidole vinavimba.

Niambie sababu. Moja tu ya kweli.

Muzdalifa


Dar es Salaam
5 Desemba 1999

Mama yangu mpenzi,

Salaam. Wiki sita sijapata hata salamu ya mdomo. Mjomba ananiambia u mzima, unakwenda shamba, unaswali, unakula, ila ukitajiwa jina langu unainuka kwenda kuangalia kuku. Na anasema sasa ni hatua tisa.

Nilikosa adabu. Neno ukaidi nalirudisha, halikuwa neno la mtoto kumwandikia mama yake. Mwezi mtukufu unaingia wiki hii na sitaki uingie hujanisamehe.

Nilichosema kuhusu mto sikirudishi.

Mwanao,
Muzdalifa


Mbuchi
19 Desemba 1999, Ramadhani

Mwanangu Muzdalifa,

Nakuombea funga njema na afya. Nilikwisha kukusamehe siku ile ile. Sikukujibu kwa sababu uliomba sababu moja ya kweli, na mimi ya kweli ninayo moja tu.

Utasoma ukiwa umekaa.

Wewe ni hodari wa hesabu, si uongo. Ulihesabu kutoka ngazi mpaka mto hatua hamsini. Baba yako tulimzika kwenye hatua ya ishirini, chini ya mndimu. Mjomba wako akakwambia mto uko hatua ya kumi na mbili, nawe ukaandika kwa mkono wako. Hukujumlisha?

Kaburi halipo, mwanangu. Lina mwaka na nusu halipo.

Ilikuwa mafuriko ya elnino. Januari, ukingo ulipoanza kupasuka, Ustadh na wazee walikuja wakakaa barazani kwangu. Wakasema Abdalah ahamishwe, sheria inaruhusu maji yakikaribia. Nikawaambia mume wangu amelala, hasumbuliwi, na mto hautafika pale. Wakarudi tena mwezi wa pili. Nikawajibu vilevile, na kwa ukali zaidi, kwa kuwa nilishaona ufa na niliona haya kukiri. Mara ya tatu hawakuja. Na kwa nini wangekuja? Asubuhi moja ya Aprili, baada ya alfajiri, nilichukua ufagio kwenda kufagia kaburini kama kawaida yangu. Hapakuwa na kaburi wala mndimu, mto ulikuwa unapita pale.

Nilirudi na ufagio wangu nikafagia ndani.

Ulipotaka kuja mwaka ule nikakwambia njia mbaya, tukutane Kibiti. Njia ilikuwa nzuri. Mjomba wako nilimwapisha asikwambie, kwa hiyo usimlaumu. Kisha ukanitumia picha. Nilitafuta nguzo iliyokosekana, nikacheka kwa kweli, halafu jicho likaangukia vigae vyako vyeupe saba, na nyuma yake hukuchora mto. Umeweka minazi, umeweka kuku, mto hukuuweka. Nikaona uwanja wangu kama ulivyokuwa kabla sijasema hapana.

Sasa unajua. Mimi niliyewaambia watu mto hautafika, nimeona haya kuukimbia. Nimesema nitakaa hapa hapa, nione utafika wapi. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu wangu ndiye huyu ninayekaa naye.

Nisamehe wewe sasa.

Mama yako,
Semeni


Dar es Salaam
2 Januari 2000

Mama yangu,

Swaumu njema, na Mungu aipokee yako na yangu. Mwaka umebadilika na kompyuta hazikuzima hata moja. Nimepewa likizo ya siku kumi.

Barua yako niliisoma ofisini, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya duka la vitambaa la jirani nikalia mbele ya watu. Mwenye duka aliniletea maji akakumbuka tumefunga, akayarudisha. Nimekulilia wewe kuliko nilivyomlilia Baba. Mwaka na nusu umebeba peke yako, na mimi naandika barua kuulizia kuku.

Nimekusamehe. Naandika kwa herufi kubwa ili ukimwonyesha Mjomba na yeye aone: NIMEKUSAMEHE. Na mimi nisamehe. Nilihesabu vipande mia mbili na kumi na nne na hatua nane tu sikuziona. Programu haina kipande cha maji, ndiyo maana mto sikuuweka, lakini hiyo si sababu ya mtoto kusahau mto.

Sasa nisikilize kama ulivyonifundisha kusikiliza. Baba hakuchukuliwa na mto. Baba alifia kitandani kwake, ukamshika mkono, akaoshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa na kijiji kizima. Mto umechukua udongo. Nilimuuliza sheikh wa hapa mtaani, akaniambia dua haihitaji kuelekezwa mahali, inafika. Ulikosea, Mama, sitakudanganya. Ila kosa lile lilikuwa moja, na wewe kwa kukaa hapo unataka kulifanya mara mbili.

Wazee walikuja kwako mara mbili, ya tatu wakachoka. Mimi nakuja mara ya tatu, na sitapiga hodi. Siku ya tatu ya Idd nitakuwa Mbuchi na karatasi mpya. Nitaanza na paa. Ukitaka kubaki, utabaki umeketi chini ya mawingu, jirani zako wakikutazama.

Mwambie Bwanaheri anoe msumeno na aandae mkaa wa kuandikia namba.

Mwanao mwenye mkono mfupi,
Muzdalifa


Mbuchi, mwinukoni
13 Februari 2000

Kwako fundi,

Salaam kutoka juu. Sisi ni wazima na miguu yetu ni mikavu.

Kijiji bado kinakuzungumzia. Ulivyopanda paani na ile suruali yako ya mjini, wazee wakageuza nyuso, halafu wakageuka tena kuangalia kama utaanguka. Siku ya kwanza nilikaa kitako kwenye kinu nimekupa mgongo, kumbuka. Nilikuwa nasikia makuti yanashuka, nikasema moyoni, acha achoke. Ulipoanza kuita namba kwa sauti na Bwanaheri akawa anaitikia, nikajikuta nainuka kwa kuwa mlikuwa mnaniwekea mbao za chumbani pamoja na za barazani. Mtu hawezi kukaa akatazama ujinga namna hiyo.

Uliondoka nyumba ikiwa imelala chini, marundo kumi na nne, na nilipokuona unaingia kwenye mtumbwi nilisema basi, sasa nimekwisha, sina nyumba ya chini wala ya juu. Nalala kwa Mwanaamina anayekoroma. Lakini Bwanaheri alinijia kesho yake na karatasi yako ya kwanza ameishika kama hati, akasema mama, leo nguzo. Tukabeba. Kila aliyepita njiani alibebeshwa kipande na namba yake. Kwa siku tisa nikawa mimi ndiye msomaji wa karatasi, Bwanaheri macho hayamsaidii kwa maandishi madogo, na kuna siku nilimwamuru ang'oe alichokipigilia kwa sababu alikuwa ameruka karatasi ya ishirini na mbili. Alinung'unika sana, akang'oa.

Nguzo ya kati ilisimama siku ya pili. Nilitundika kanga moja juu yake kabla hata hakujawa na kuta, nikakaa chini yake nikanywa chai.

Nimehamia Alhamisi. Nyumba ni ile ile, hata mlango wa chumbani bado unakwama pale pale panapokwama. Kimebaki kipande kimoja, namba themanini na nane, na nyumba imesimama bila yake. Hatujui chake ni wapi. Bwanaheri anasema kila fundi wa kweli hubakiwa na kimoja. Nakitumia kusukumia kuni.

Nimeswali adhuhuri barazani nikamwombea baba yako. Nilimwambia pia kwamba nimeondoka. Nililia, kisha nikapika.

Mama yako,
Semeni


Dar es Salaam
12 Machi 2000

Mama,

Salaam, na natumaini themanini na nane inaendelea na kuni. Nimeitafuta kwenye kompyuta. Ni ubao mmoja uliokaa ndani ya mwenzake, niliweka viwili mahali pamoja na programu haikunigombeza. Humu vitu viwili vinaweza kukaa sehemu moja. Kwa hiyo Bwanaheri yuko sahihi nusu, na wewe ulihesabu vizuri, ni mimi niliyezidisha, na hata sijui ubao wenyewe Bwanaheri kautoa wapi akaupa namba.

Hapa mvua zimeanza. Redio inasema huko juu mto unakotoka maji yamejaa. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Muzdalifa


Mbuchi, mwinukoni
30 Aprili 2000

Binti yangu Muzdalifa,

Assalaam alaykum. Ni mzima wa afya, na wewe uwe hivyo. Barua imechelewa kwa kuwa maji yalifunga njia ya Kibiti na mjomba wako hakuweza kuja.

Ule ubao usiutafute tena. Bwanaheri amekiri kauleta kutoka kwake, aliona mchoro unamdai ubao na yeye hana, akaona aibu.

Tarehe kumi na tisa mto ulichukua pale tulipokuwa. Sikuona, niliambiwa. Nilishuka kesho yake nikaangalia. Mashimo ya nguzo zetu kumi na mbili hayapo, jiko halipo, minazi imeondoka yote miwili. Ningekuwa pale. Nakwambia wewe peke yako: nilishika mkono wa Mwanaamina nisianguke.

Na Mwanaamina ndiye sababu ya barua hii. Kwake sasa ni hatua kumi na tano. Bwanaheri amemwambia ahame, mwenyekiti amemwambia, amewajibu wote kwamba mama yake mzazi amezikwa pale na mto hautafika. Niliposikia neno hilo nilichukua mkeka wangu nikaenda kwake, nikautandika, nikakaa.

Nikamwambia, "Mwanaamina, mimi nililisema neno hilo hilo. Nililisema mara mbili, na mume wangu sijui alipo."

Kijiji chote kilijua, mwanangu, lakini mimi nilikuwa sijawahi kulitamka kwa mdomo wangu mbele ya mtu. Wewe nilikuandikia. Kutamka ni kitu kingine. Mwanaamina alinitazama, akaendelea kuchambua mchele wake mpaka ukaisha. Kisha akaniuliza Ustadh yuko nyumbani au kaenda Utete.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, wanaume walilizungushia kaburi lile mashuka wakachimba. Sisi wanawake tulikaa mkekani kwa Mwanaamina tukisoma. Wamemlaza mama yake huku juu, karibu na mikorosho, nami nimempelekea mawe ya kuzungushia.

Vipimo vya nyumba yake viko nyuma ya karatasi hii, kwa mkono wangu. Nguzo ya kati anayo, usiisahau. Safari hii weka na mto, kama maji hayamo tafuta kitu chochote cha buluu. Kaburi usilichore upande wa mto. Hilo tumeshalihamisha, tumeanza nalo.

Mama yako,
Semeni